Udongo Juu ya Malkia

Harufu ya jiwe lenye unyevu na nta ya mishumaa hunirudisha kwenye kanisa moja la kale kilimani, nje kidogo ya Birmingham, tulikopanda kiangazi cha kwanza bila mama. Baba alikuwa ametangulia kufa, mdogo wangu Neema akiwa bado ananyonya. Mama alifariki tukiishi mtaa wa Saltley, na shangazi akasafiri na mwili kwenda kumzika nyumbani Bungoma. Vibali vyetu sisi watoto vya kuishi Uingereza vilikuwa havijatoka, tukabaki. Mkubwa ni jalala, na mkubwa nilikuwa mimi. Niliacha shule, nikaajiriwa kufua mashuka hotelini. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, na picha ikakwama kabla jeneza halijashushwa. Basi Neema, mtoto wa miaka sita, akashikilia kwamba mama hajazikwa. Kila jioni alimtengea sahani.

“Kwani kaburi likoje?” aliniuliza. Nikamuuliza jirani pa kumwonyesha, akanitajia kanisa lenye makaburi ya wafalme. Jumamosi tulipanda basi, mimi, Neema na Baraka, mdogo wangu anayenifuata, kisha tukakwea kilima huku upepo ukitupiga masikio. Ndani, mfalme na malkia wa jiwe walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, mbwa mdogo miguuni pao. Neema alizunguka, akachungulia, akagusa.

“Dada, wamo humo?”

“Wako chini yake.”

“Mbona wamelala na viatu?”

“Wafalme hawavui, we mshamba,” Baraka akamcheka.

“Nani aliwatupia udongo?”

Mama alikuwa ametusimulia kwamba kwao kila mfiwa hutupa udongo kidogo kaburini. Nikasema labda watoto wao. Neema akainama, akatazama pembe zote za lile jiwe jeupe. “Sioni hata kidogo.” Kabla sijamdaka mkono, alitoa mfukoni udongo mweusi wa ile ndoo mama aliyopandia sukuma wiki, akaumwaga juu ya kifua cha malkia.

Mama mzee aliyelinda kanisa akaja mbio. “Unafanya nini?”

“Namzika,” Neema akamjibu. “Mama yetu naye hawakumaliza.”

Nikamweleza yote, uso ukiniwaka. Yule mzee akaukusanya ule udongo kwa brashi na kuurudisha kiganjani mwa Neema. “Huyu alizikwa zamani, mwanangu. Huu mtunzie mama yako.” Jioni ile Neema aliutia kwenye mkebe wa majani ya chai. Sahani hakutenga tena.

Siku hizi Neema amenipita kwa urefu, na nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Sasa tuna pasipoti, nami bado nafua mashuka. Mwaka jana tulifika Bungoma sote watatu. Kaburi la mama halina sanamu wala mbwa, ni saruji tu na nyasi. Neema alifungua mkebe, akaumwaga udongo wote, akapangusa viganja. Kisha akauliza, kwa Kiswahili: “Dada, alilala na viatu?”

“Ndiyo,” nikamwambia. “Vile vyake vyeusi vya kwendea kanisani. Nilivichagua mimi.”