Kompyuta Isiyo na Feni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana hakunipa hata kiti. Alinisimamisha mbele ya kompyuta ya mezani, akaiwasha, akaniuliza, "Ina kasi au haina?"

"Ina kasi, mzee."

"Umejuaje? Imekufanyia kazi gani?"

Nikaanza kumsomea maandishi yaliyobandikwa ubavuni mwake.

"Basi usiniletee sifa za mashine. Ipe kazi yetu, kaa nayo mpaka imalize, ndipo uje kuniambia."

Mafunzo yangu yakawa hayo. Ofisi yetu hapa Dodoma ilishughulikia visima vya vijijini, na karakana ilikuwa chumba cha nyuma ambamo kila kompyuta ilipimwa utendaji kabla ya kukabidhiwa wahandisi. Tuliilazimisha ifanye hesabu nzito, tukaangalia inachukua muda gani, inachemka kiasi gani, na kubwa zaidi, kama jibu lake ni la kweli.

Mwenzangu mezani alikuwa Salimu, Mrangi wa Kondoa. Ndiye aliyeandika programu ya kukadiria maji ya ardhini: mhandisi anaingiza vipimo vya miamba, programu inamwambia achimbe au asichimbe. Mashine za wakati ule zilielemewa nayo, feni zikavuma mpaka tukawa tunapaza sauti. Salimu hakuangalia kioo. Alifumba macho, akasikiliza.

"Dada Perisi, imekwama," alikuwa akisema kila sauti ya feni iliposhuka ghafla. Nami nikitazama, nakuta imekwama kweli.

Nilihamishiwa Makutupora kwa muda, nikarudi. Wakurugenzi walikuja na kuondoka. Salimu nilimkuta palepale, na asubuhi zangu zilianzia kwenye sauti yake. Kisha kisukari kikamla macho. Alistaafu kabla ya wakati, akarudi kwao, na juu ya meza yake ikawekwa mashine ya kuchapishia. Sikuzoea kuiona pale.

Nilipokuwa nakaribia kustaafu mimi, kampuni iliyokuwa ikitengeneza kompyuta zetu za mpakato ilibadili kichakataji, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote. Kipya kilikuwa cha ukoo mwingine, jamaa ya vile vilivyomo kwenye simu. Kilitumia umeme kidogo, hata mashine yenyewe haikuwekewa feni. Mkurugenzi aliletewa moja ya majaribio.

"Mama Perisi," akaniambia, "ukisema ni nzuri naagiza za wahandisi wote. Wanakijiji wa Haneti wanasubiri visima, na watu wangu wanazunguka na betri zilizochoka."

Niliipa kazi yetu. Programu za zamani ziliandikwa kwa lugha ya vichakataji vya zamani, kwa hiyo mashine ilizitafsiri kwanza ndipo ikazitumia. Mara ya kwanza ilisuasua. Mara ya pili, hesabu iliyozoea kutuacha tukanywe chai ilikwisha kabla sijavaa miwani. Nikaipeleka Haneti juani. Ilipata moto, ikajipunguzia kasi yenyewe ili ipoe, na bado ikaziacha mbali zile za zamani.

Halafu nikalinganisha majibu. Kwenye eneo moja la Haneti, mashine ya zamani ilisema maji yapo. Mpya ikasema msichimbe.

"Huenda mpya ndiyo iliyo sahihi," alisema Mkurugenzi.

"Huenda. Ila mimi sijui, na aliyeandika hesabu hiyo yuko hai."

Alinipa gari kesho yake, nikaenda Kondoa na mashine zote mbili.

Salimu nilimkuta barazani, amekonda, kofia yake safi kichwani. Mkewe alinikaribisha kwa uji wa ulezi. Nilipomweleza kilichonileta, uso wake ulichangamka.

"Nisomee," akasema. "Anzia pale inapolinganisha tabaka za miamba."

Nilisoma mstari baada ya mstari mpaka akainua mkono. Tulikipata chanzo cha ugomvi. Kichakataji cha zamani kilibeba tarakimu nyingi nyuma ya nukta kilipokuwa kikikokotoa. Kipya kilizikata mapema. Programu ilikuwa ikilinganisha namba mbili zinazokaribiana mno, na tofauti ndogo kama vumbi ikageuza jibu zima. Alinitamkia mstari mpya, wa kuzihesabu namba zilizokaribiana hivyo kuwa sawa, nikauandika. Mashine zote mbili zikasema maji yapo.

Salimu akaweka kiganja juu ya ile mpya.

"Iendeshe, niisikie."

"Imeshamaliza, kaka."

"Mbona haikutetema?" Alikiacha kiganja palepale. "Iendeshe tena."

Niliiendesha tena, na tena, bila sababu yoyote ya kikazi. Dereva akapiga honi. Nilipoagana naye, Salimu alinishika mkono kwa muda mrefu, akasema tu, "Umefanya vizuri kuja."

Niliandika kwamba mashine inafaa, mradi programu irekebishwe kwanza. Haneti walichimba, maji yakatoka. Nilimpigia simu Salimu nikamwambia. Alimshukuru Mungu, halafu akauliza, "Na mashine nyingine za kupima? Hazijaja?"

"Bado, kaka."

"Zikija, unipigie."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuna mashine nyingine ya kupima iliyokuja kabla hajafariki. Nilikwenda kuzika, na njiani kurudi nilijikuta namtengenezea maswali ya kumuuliza kuhusu programu ile, kana kwamba bado kuna wa kunijibu.

Sasa nimestaafu, naishi Zuzu. Vijana wa ofisini hupita kunisalimia. Wananipa shikamoo, wananiuliza nimeamkaje, na magoti yanaendeleaje. Nawajibu vizuri na kuwasindikiza hadi barabarani, maana ni watoto wenye adabu. Lakini wakishaondoka huwa nakaa barazani nikitamani siku moja mmoja wao aje na mashine ambayo tabia yake bado haijulikani, aiweke mbele yangu, aniambie, "Mama, hii imetushinda."