Kioo cha Nyuma, Upande wa Mama

Jiwe lililovunja kioo lilirushwa mchana, mbele ya watu zaidi ya mia, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeliona. Lilipita karibu na kichwa changu nikiwa usukani, likapiga kile kioo kidogo kisichofunguka, nyuma ya mlango wa nyuma, mahali ambapo mama yangu hukaa siku zote. Vipande vilimwagika kwenye mapaja yake kama chumvi ya mawe. Alichanika juu ya jicho, akatoa leso, akajifuta, akaniambia nigeuze gari turudi nyumbani.

Tulikuwa tunaenda kumzika kijana wa jirani. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, akichimba madini huko machimboni, akarudi kwao anakohoa damu. Daktari alisema ni mapafu. Siku tatu kabla hajafa, mama yangu alimpikia supu ya samaki, maana yeye anauza samaki wakavu wa Pweto na Kasenga, na ndiye aliyembeba kijana huyo mgongoni tangu hajaota meno. Alimpelekea kwa mikono yake mwenyewe. Kijana akala, akasema asante. Alipokufa, ile supu ikageuka sumu midomoni mwa watu.

Hapa Lubumbashi, akifa kijana, vijana wenzake huwanyang'anya wazee kilio. Wao ndio wanaotangulia jeneza na matawi mikononi, wao ndio wanaoimba matusi, na wao ndio wanaotafuta nani ameua. Na anayeonekana ameua, mara nyingi, ni mwanamke mzee mwenye chakula jikoni. Sijawahi kuona wakimtafuta mwenye machimbo.

Kwa hiyo mama akawa mchawi. Hakuna aliyetuambia usoni. Wateja waliacha tu kusimama kwenye meza yake sokoni, na watoto wakavuka upande wa pili wa njia. Mama akafunga biashara, akafunga mlango, akaacha hata kwenda misa, yeye ambaye alikuwa akinigombeza mimi kwa kukosa Jumapili moja. Lakini kilichotuuma zaidi ni jirani mwenyewe, mama wa marehemu. Wamekaa wakitazamana, mlango kwa mlango, zaidi ya miaka thelathini. Waume zao walifanya kazi pamoja kwenye reli, wakazikwa mwaka mmoja. Huyo hakusema kwamba mama ameua, wala hakusema kwamba hakuua. Alinyamaza, na watu wakajijazia wenyewe.

Kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Likasi.

"Mudogo, umulete mama huku. Batu ba huko batamuua."

"Akitoka sasa, yaya, batasema njo yeye aliua," nikamjibu; kaka mkubwa kwetu huitwa yaya. "Hatarudia tena hapa."

"Utachunga jina ao utachunga mama?"

Nilikata simu. Nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wanajua, na siku hiyo zilinisaidia, maana bila hasira ningelia. Waswahili wa pwani husema asiyekuwapo na lake halipo. Mama akihamia Likasi, nyumba yake, meza yake sokoni, kaburi la mume wake, hata jina lake, vyote vingebaki mikononi mwa watu wanaomwita mlozi. Kilichokuwa kimebaki kutuokoa kilikuwa kimoja. Jirani alikuwa ametangaza misa ya siku arobaini ya mtoto wake, na mama alipaswa kuwepo. Sio kujificha kwenye kona ya kanisa. Kufika na gari letu, kutoka mlango wetu, kama tulivyofika kwenye misa zote.

Na gari letu lilikuwa na karatasi ya boksi mahali pa kioo.

Ile karatasi nilikuwa naichukia kuliko jiwe. Kila nilipopita nayo niliona watu wanaiangalia, kisha wananiangalia. Ilikuwa kama tumebandika tangazo sisi wenyewe: ni hapa, ni hawa. Gari lenyewe ni la marehemu baba, la zamani, lile la mgongo mrefu, na vioo vyake vya pembeni havikugundishwa kwa gundi kama magari ya siku hizi. Vinashikwa na mpira. Nilimpata fundi wa vioo kule mtaa wa hapa mjini uitwao Kenya, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akaangalia, akasema kioo cha gari kama hilo hakipo tena dukani.

"Ya pale niko nayo iko noir," akaniambia, akinionyesha kipande cheusi. "Nitaikata, itaingia. Ni muzuri, mama, hata jua haitapita."

Nilipomweleza mama nyumbani, ndiyo mara ya kwanza kwa wiki kadhaa nikaona uso wake unafunguka.

"Utie ile ya noir," akasema. "Batu basinione."

"Nitatia ya clair, mama."

"Utanisikiaka siku gani, weye?"

"Siku ingine. Leo hapana."

Alikasirika, akageukia ukuta. Nami nilikasirika. Mama yangu amepita katika mtaa huu miaka yote akionekana, leo akajifiche nyuma ya kioo cheusi kama waziri? Nilirudi kwa fundi, nikamwambia tutafute cheupe, hata kama ni kulala njiani. Tulizunguka asubuhi nzima katika nyua wanakouza magari yaliyokufa. Hatimaye, kwenye njia ya kwenda Kasenga, tuliona nusu ya gari, nyuma peke yake, ndugu kabisa wa gari letu, majani yameota mpaka kwenye viti. Kioo kilikuwa kizima. Fundi alitoa mfukoni kijiko ambacho mpini wake ameuponda ukawa bapa, akainua mdomo wa mpira pole pole, kidole kwa kidole, mpaka kioo kikamwangukia viganjani pamoja na mpira wake. Kilikuwa na mkwaruzo mmoja tu. Nilivua kitenge nilichojifunga juu ya sketi, nikakizungushia, nikakipakata njia nzima.

Jumamosi, siku moja kabla ya misa, fundi akaja kwetu na mwenzake, mwanaume mzima mwenye ndevu. Fundi alitaka niingize gari ndani ya lupango, uani kwetu, watu wasitukusanyikie.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Tutafanya hapa, ku njia."

"Batu bataangalia."

"Baangalie."

Wakaangalia kweli. Wengine walijifanya wanafagia, wengine walijifanya wanangoja usafiri mahali ambapo gari la abiria halijawahi kusimama. Fundi alisafisha punje za kioo cha zamani kwa burashi, akaosha mpira kwa sabuni, akakivika nao kioo kipya pembezoni mwote. Kisha akachukua kamba nyembamba ya nailoni, akaizungusha ndani ya mfereji wa mpira mpaka ncha mbili zikakutana chini. Alinieleza kazi ilivyo, na ni kazi nzuri kuielewa. Kioo kinawekwa kwa nje, kamba inaning'inia ndani. Mtu mmoja anakaa ndani, kwenye kiti, anavuta kamba. Kamba inavyotoka inauinua mdomo wa mpira na kuuvusha upande wa ndani wa bati. Mtu wa nje anakigonga kioo kwa viganja, akiifuata kamba. Mmoja akiharakisha, mwingine akichelewa, kioo kinaanguka. Peke yako huwezi.

Wa kukaa ndani alikuwa yule mwenye ndevu. Alikuwa ameshainama aingie, mwanamke mmoja aliyekuwa na fagio akamwita pembeni, akamnong'oneza. Sikusikia maneno, wala sikuhitaji. Yule bwana alirudi akasimama mbali na mlango, mikono nyuma.

"Mi siingie mule," akasema.

"Iko nini?" fundi akamuuliza, viganja vyake vikiwa vimeshikilia kioo.

"Siingie. Ile kiti, siikale."

Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema njiani, na siyajutii. Fundi akapiga kelele kwamba mikono yake inachoka. Basi nikatupa viatu, nikafungua mlango ili niingie mimi, magoti yangu yalivyo mabovu, na ndipo niliposikia lango letu.

Mama yangu alikuwa amesimama pale. Alikuwa amefunga kilemba chake cha sokoni. Kovu juu ya jicho lilikuwa bado bichi, na hakulifunika. Alitembea kutoka langoni mpaka kwenye gari, hatua kama kumi, na kufagia kote kukasimama.

"Toka, mwana," akaniambia. "Hii ni nafasi yangu."

Nikatoka. Akaingia, akajiweka sawa, akaishika kamba kwa mikono miwili kama mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Yeye hufunga mafurushi ya samaki tangu ujana, kamba haimtishi. Fundi alimtazama kupitia kioo, na nikamwona akibadilisha sauti, akamsemesha kwa wingi, kwa heshima.

"Ba mama, bavute pole pole. Bavute ku kifua ya bo, hapana ku juu."

Akavuta. Kamba ikaanza kutoka, mlio mdogo wa mpira wenye sabuni, na fundi akaifuata kwa kiganja, pa, pa, pa. Kona ya kwanza ikaingia. Kwenye kona ya pili kamba ikakwama, mama akaacha, akapumua, akaizungusha kidoleni, akavuta tena mpaka kidole kikabadilika rangi. Mimi nilikuwa nimeshikilia kioo kwa juu, na kati yangu na uso wake hapakuwa na kitu kingine. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama ng'ambo ya njia, kule jirani alikokuwa amesimama langoni kwake, amevaa nguo za kilio.

Kamba yote ilitoka. Fundi akapiga kioo mara ya mwisho, kikakaa. Nilidhani mama atashuka arudi ndani, na hata hivyo ningemshukuru. Badala yake aliusukuma mlango ukafunguka wazi, akabaki pale pale kitini, akasema kwa sauti yake ya sokoni:

"Mama mwenzangu. Minakuuliza mbele ya batu bote. Njo miye niliua mutoto yako?"

Jirani alishika nguzo ya lango. Aliangalia chini, akamwangalia mama, akaangalia chini tena. Moyoni nilikuwa namwambia: sema hapana, ni neno moja tu, sema hapana tumalize.

"Sijue," akasema.

Wiki tano za kungoja, na hilo ndilo tulilopewa. Nilitaka kuvuka njia nikamshike mabega. Lakini mama alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyelipwa haki yake.

"Ni muzuri. Umesema ya kweli," akajibu. "Kesho nitakuya ku misa. Nitaikala ku banc ya nyuma yako. Kama uko na woga, utageuka, uniangalie."

Kisha akashuka, akamwambia fundi aingie anywe maji, na kumwambia yule mwenye ndevu vilevile. Mwenye ndevu aliingia. Alikunywa ameangalia miguu yake.

Jioni hiyo nilimwambia mama kwamba jirani ametuaibisha, kwamba "sijue" mbele ya watu ni sawa na ndiyo. Mama alikuwa anachambua samaki, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Hapana," akasema. "Amefiwa. Kama hajue, acha asijue. Miye najua."

Jumapili nilimtoa mama kwa gari. Pale njia panda vijana walikuwa wamekaa kwenye ukuta wao, walewale waliotangulia jeneza. Mama alipiga mgongo wa kiti changu kwa kiganja.

"Usikimbize."

Nikapunguza mwendo mpaka gari likalalamika. Tulipita mbele yao uso wake ukiwa kwenye kioo, na yeye akawasalimu mmoja mmoja kwa kichwa, maana wote anawajua, wengine kawaogesha. Wawili walijibu. Mmoja alishuka ukutani akaondoka.

Kanisani alikaa pale aliposema atakaa, benchi la nyuma ya jirani. Watu wa benchi hilo walisogea, mwanzo kidogo, kisha sana, tukabaki mimi na yeye na nafasi ya watu sita. Misa ikaenda. Jirani hakugeuka wakati wa masomo, hakugeuka wakati jina la mtoto wake lilipotajwa na mabega yake yakaanza kutetemeka. Padri alipotuambia tupeane amani, kanisa zima likageuka, kila mtu akitafuta mkono wa mwenzake. Jirani alibaki amesimama akitazama altare.

Mama hakungoja. Alitoka kwenye benchi letu, akazunguka, akaenda kusimama mbele yake. Mikono ya jirani ilikuwa imening'inia. Mama aliuchukua mkono wa kulia, mwenyewe, kama mtu anavyochukua mkono wa mgonjwa, akaushika ndani ya yake miwili, na vidole vyake vilikuwa bado na alama za kamba. Alisema amani, akangoja. Nilihesabu pumzi zangu. Jirani hakujibu neno. Lakini mkono hakuuvuta.

Mpaka leo hatujapewa jibu jingine. Meza ya mama iko sokoni, na wanaotaka samaki wananunua, na wasiotaka wanapita. Kaka yangu bado anapiga simu. Mama yangu hajahama.