Bia ya Nazi ya Mkwe wa Nyamburi

Nyamburi wa Mwitongo, pale Butiama, alikuwa mtu wa kinyaa, na hakuona sababu ya kuficha. Nyumba ambayo kisu cha kuparulia samaki ndicho hichohicho cha kukatia vitunguu, alikuwa hali humo. Kanisani, wakati wa kupeana amani, jirani akimnyoshea mkono uliotoka kupenga kamasi, aliutazama kwanza ule mkono, kisha akainamisha kichwa, amani ikapita hewani. Watu wa Butiama walimsema sana kwa hilo. Walimwita mama maringo. Lakini wakitaka pombe, walipita nyumba zote wakaenda kwake.

Pua hiyohiyo iliyomtesa ndiyo iliyomfanya mpishi. Alikanda unga wa mahindi, akauacha uchachuke, akaukaanga juu ya bati mpaka ukawa na rangi ya udongo wa kichuguu, akauanika, ndipo akautia maji na kimea cha ulezi. Kimea kikipata ukungu, hata kama ni konzi moja tu kwenye gunia zima, alikimwaga chote na hakutaka ushauri. Wapishi wengine walimcheka kwa hasara hiyo. Mmoja wao, wa njia ya Bunda, alikuwa akichujia pombe kwenye gunia lililobebewa dagaa, na wateja walikunywa wakafuta midomo wakasema leo imekolea. Nyamburi aliposikia habari hiyo alilala bila kula.

Sasa, katika vyote alivyovionea kinyaa, hakuna kilichofikia nazi. Na hiyo ina asili yake. Mume wake Wanzagi alipigwa na kiharusi akalala kitandani muda mrefu, mgongo ukatoka vidonda, na nesi akashauri apakwe mafuta ya nazi pembeni ya vidonda ngozi isizidi kuchanika. Nyamburi alimpaka asubuhi na jioni. Mafuta yalipata joto la mwili, yakachanganyika na usaha na mkojo na shuka la plastiki, na harufu yake ikakaa ndani ya nyumba kama mtu wa familia. Alimpenda Wanzagi, na alimwonea kinyaa, na yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja. Mgonjwa alikuwa na macho makali. Kwa hiyo kila alipofungua chupa, Nyamburi aliinusa kwanza mbele yake akatabasamu, kama mtu anayenusa kitu kizuri, ili mwenzake asijione uchafu. Walipomzika, ile chupa aliitupa chooni. Hakuwahi kumwambia mtu. Utamwambiaje mtu jambo kama hilo?

Binti yake Gloria alikuwa akiishi Manyamanyama, pale Bunda, na kijana mmoja aitwaye Fredy, mzaliwa wa vijiji vya pwani ya ziwa upande wa Musoma. Fredy alifanya kazi baa ya hoteli moja ya watalii, na huko alijifunza kutoka kwa wageni, na kwenye simu, jinsi ya kutengeneza bia nyumbani. Si pombe ya kienyeji. Bia ya kahawia ya kizungu, ya shayiri iliyokaangwa na maua makavu ya kuleta uchungu, inachachukia kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko chumbani kwake. Ng'ombe walikwisha kupelekwa, padri alikwisha kutangaza ndoa, na Gloria alikuwa na mimba ambayo gauni lilikuwa limeanza kushindwa kuificha. Lilibaki jambo moja tu, pombe ya mkwe.

Kwa ukoo wa Wanzagi, kijana anayeoa huleta pombe nyumbani kwa binti, wazee wa pande zote mbili wanywe chungu kimoja kwa mirija. Lakini kabla yao, mwanamke mwenye nyumba huchotewa kibuyu cha pombe ya juu kabisa ya chungu. Akikimaliza na kukionyesha kitupu, binti ameolewa. Akikimwaga, wageni wanasimama wanaondoka na hakuna anayewauliza kitu. Hili si la mchezo. Kuna nyumba palepale Mwitongo ambapo mama alimwaga, miaka mingi iliyopita, na yule binti mpaka leo yuko kwa kaka yake analea watoto wa wenzake.

Pia kuna suala la heshima. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, wala hawasemeshani. Neno hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo siku hiyo ya Jumamosi, Fredy na wazee wake walipofika na ndoo, Nyamburi alikuwa ndani ya jiko amekaa na ukuta mgongoni, akisikia tu viatu na salamu. Alikuwa na furaha. Nyama ilikuwa inaiva, ugali wa mtama ulikuwa tayari, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anasubiri pombe ambayo hakuipika yeye.

Wakafungua mfuniko wa ndoo ya kwanza ili wamimine chunguni, na harufu ikaingia jikoni.

Hakuhitaji kunusa mara mbili. Ilikuwa nazi, tena nazi iliyochoka, iliyosafiri kwenye lori kutoka pwani ikakaa sokoni Bunda mpaka ikaota uchungu ndani, halafu ikakaangwa ikatoa mafuta yake yote, halafu ikafungiwa kwenye ndoo chini ya bati la moto. Alishika ukingo wa meza. Akamwita Gloria ndani, akamuuliza kwa sauti ya chini kimewekwa nini.

Gloria alikuwa anang'aa kwa furaha. Alieleza kwamba Fredy alinunua nazi, akazikuna kwa mfuniko wa kopo uliotobolewa kwa misumari kwa sababu mbuzi ya kukunia hawana, akazikaanga kwenye sufuria mpaka zikawa kahawia, akazitia kwenye bia zikae humo siku kadhaa. Wazungu hufanya hivyo. Lakini wazo halikuwa la wazungu wala la Fredy.

"Mimi ndiye nilimwambia," alisema. "Nilimwambia mama anapendaga nazi. Si ulikuwaga unanusa yale mafuta ya baba unacheka peke yako? Nilikuwaga nakuona."

Nyamburi akamtazama mwanawe, akatazama lile gauni lililobana tumboni. Alisema tu kwamba nyama isiungue.

Wazee wakaita. Shemeji yake Nicolaus, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyekuwa akinywa pombe ya Nyamburi tangu ana nywele nyeusi, na akitaka kumsifu husema kwamba mkoa mzima wa Mara hauna ulimi kama wake. Akatangaza kwamba mama mwenye nyumba sasa ataonja. Nyamburi akatoka, akakaa kwenye kigoda mlangoni, akiwa amempa Fredy mgongo kama inavyotakiwa. Gloria akachota kibuyu cha juu akamletea kwa magoti.

Ya juu ndiyo yenye mafuta. Yalikuwa yanaelea kwa macho makubwa ya njano, yanakutana na kuachana. Povu hakuna, mafuta yalikwisha kuliua. Vipande vya nazi vyeusi vilikuwa vimelala pembeni mwa kibuyu kama kucha zilizokatwa. Nyamburi alikiinua na joto la mkono wake likaiamsha ile harufu, na Wanzagi akawa palepale, mgongo wake, shuka la plastiki, yale macho yanayomchunguza.

Alikuwa na haki ya kumwaga. Hakuna ambaye angemlaumu, kwa maana kila mtu alijua hamwagi bure. Jina lake la pombe lilikuwa ndiyo mali pekee aliyoipata kwa akili yake mwenyewe, na mtu akikimaliza kibuyu mbele ya wazee anakuwa ametia sahihi yake. Akaona pia mlango wa ile nyumba nyingine, ya yule binti anayelea watoto wa kaka yake. Akafunga macho akanywa.

Kilikuwa kinyaa kisichosimulika vizuri. Mafuta yalimpaka midomo, yakampaka ulimi, yakashuka taratibu bila haraka yoyote. Ladha ya kuoza ilikaa nyuma ya meno. Kipande kimoja cha nazi kilimnasa kooni akalazimika kukitafuna, na kilitafunika kama ngozi. Chini ya hayo yote, mbali sana, kulikuwa na kitu kingine, uchungu mzuri wa nafaka iliyokaangwa na mtu mwenye subira, lakini hakuwa na nafasi ya kukifikiria. Akafika mwisho. Akakigeuza kibuyu, hakikudondosha hata tone, akajifuta kwa kanga. Na kwa kuwa alijua namna ya kufanya hivyo, akatabasamu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakachomeka mirija yao chunguni, wa Butiama na wa ziwani pamoja, wakavuta. Ikawa imekwisha, binti ameolewa, na chungu kilichoingia midomoni mwa pande mbili hakirudishwi.

Nyamburi alikuwa anangoja sura zao zikunjamane. Alitaka hivyo, Mungu amsamehe. Alitaka hata mmoja ateme. Lakini Nicolaus alivuta, akafumba macho, akavuta tena, akasema kitu hiki kina utamu wa kiofisa. Mwingine akasema inateremka yenyewe. Mwingine akasema ndiyo sababu Nyamburi ameimaliza, yule mama hanywi takataka. Walivuta kwa kelele, masharubu yao yanameremeta mafuta, vipande vya nazi vinanata kwenye meno machache waliyobakiwa nayo, na mirija ikiziba walipuliza wakaendelea.

Hapo ndipo kinyaa kilipobadilika, kikaacha kibuyu kikawahamia watu. Miaka yote hiyo ya kumwaga kimea kwa ajili ya konzi moja ya ukungu, ya kuamka kugeuza unga juu ya bati, ya kunusa mitungi mmoja mmoja, alikuwa anawapikia hawa. Hawakuwa na ulimi. Hawajawahi kuwa nao. Walikuwa wanakunywa uso wake, na leo uso wake umewaambia tamu, basi ni tamu. Yule wa gunia la dagaa angewatosha kabisa.

Nicolaus akageuka na mrija wake mkononi.

"Shemeji," alisema, "siku ya harusi utupikie hii hii. Ile yako tumeizoea."

Nyamburi akatazama chungu. Chungu kilikuwa kimefika katikati. Hakuna kitu tena ambacho neno lake lingeweza kuvunja.

"Sitapika," alisema. "Hiyo ni mbaya. Nazi yake imeoza, nanyi mnaivuta."

Nicolaus akaanza kucheka, mnene yule, mpaka mrija ukamponyoka ukaanguka mavumbini, akauokota akaurudisha chunguni na vumbi lake. Akawaambia wageni wasishangae, mpishi hafurahii mpishi mwenzake, hasa mwenzake akiwa kijana. Wageni wakacheka kwa adabu. Mmoja akasema wivu wa kazi ni kitu cha kawaida hata maofisini. Ndivyo walivyolimaliza, na wakavuta tena.

Nyamburi akainuka akaenda nyuma ya jiko, akashika mti wa ua, akatapika yote. Alitapika mpaka machozi yakatoka. Gloria alimfuata na maji akasimama hapo na kopo mkononi, uso umemshuka.

"Mama, kumbe hukuipenda."

"Sijawahi kuipenda nazi," Nyamburi alisema. "Ile ya baba yako nilikuwaga naichukia. Nilikuwa nacheka ili asione kinyaa changu."

Gloria akampa maji, akamshika mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi Nyamburi akaona kwamba jambo lile linasemeka, na kwamba limesemwa, na hakuna kilichoanguka.

Waliporudi jikoni, kulisikika mtu amesimama upande wa pili wa ukuta wa udongo, karibu na dirisha dogo la moshi. Alikohoa kwa heshima. Halafu Fredy akamsemesha Gloria, kwa sauti ambayo haikumlenga Gloria.

"Mwambie mama anasema kweli. Imeharibika. Mimi toka asubuhi nimeonja mara moja tu, ikanishinda. Nikajua labda yeye ndivyo anavyoipendaga."

Nyamburi akabaki na kopo la maji mkononi. Katika uwanja mzima ule, wenye wazee wote wale wa pande mbili, mtu mmoja tu alikuwa na ulimi, na ndiye huyo asiyeruhusiwa kumtazama wala kukaa naye. Alitaka kucheka, na alikuwa bado anasikia mafuta kwenye meno.

"Muulize," alimwambia Gloria, "ile shayiri aliikaangaje. Chini ya uchafu wake kuna kitu."

Gloria akauliza. Fredy akajibu kwamba moto mdogo, kwenye sufuria nzito, anakoroga bila kuacha. Nyamburi akasema mwambie angeikaanga juu ya bati, sufuria inaunguza chini. Fredy akasema bati lina kutu. Nyamburi akasema bati lake yeye halina. Nje wazee walikuwa wanaita ndoo ya pili, Nicolaus akiwa ameanza wimbo. Gloria alipeleka neno akarudisha neno, mpaka miguu ikamchoka kwa ule ujauzito, akakaa chini mlangoni akanyamaza, na wale wawili wakaendelea, kila mmoja akisema na ukuta na kumsikia mwenzake.