Ukuta Uliopakwa Rangi Juzi

Harufu ya rangi mpya hunichosha. Nikiwa mdogo, mama alinizungusha Nakuru nzima tukitafuta nyumba, viatu vimejaa vumbi. Kila tulikoingia nilikimbilia chumba cha nyuma, nikasema ni changu. Yeye aliweka shavu ukutani kupima unyevu, maana kifua changu kilikuwa kibovu.

"Mathe, si unaona imepakwa rangi juzi tu?" wakala mmoja alilalamika.

"Ndiyo maana. Rangi mpya huficha unyevu," mama akasema. Akanigeukia. "Twende."

Leo tuko mtaa wa Kiamunyi, kwenye nyumba pekee tunayoweza kumudu. Binti yangu anaita kutoka chumba cha nyuma, "Mum, hiki changu!"

Shavu langu liko ukutani. Ukuta una maji, na bado sijasema twende.