Mwezi Uliokaa na Jua

Asubuhi moja ya bamvua, yale maji makubwa ya bahari, naikumbuka, mwanangu, na nakusimulia leo kwa sababu kesho unakwenda mwambani kuchokoa pweza kwa mara ya kwanza, na sasa hivi nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba mwezi haupo. Kaa kidogo. Chai yenyewe bado ya moto.

Nilikuwa msichana, hapa hapa Mikindani. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Tabitha, binti wa karani wa bandari aliyehamishiwa Mtwara kutoka Singida. Walikaa Chuno. Tabitha hakuwahi kuona bahari mpaka siku aliyofika, na alipoiona aliipenda papo hapo. Akanisumbua mpaka nikamwombea ruhusa kwa shangazi yangu, Bi Somoe, aliyekuwa akiwaongoza wanawake wa mtaa wetu mwambani.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Maji yakishakupwa, alichomeka fimbo mchangani pale ukingoni, kisha kila mtu akaenda zake na kijiti chake cha kuchokolea. Maji yakirudi na kuigusa ile fimbo, alipiga kigelegele kimoja. Hapo unarudi, hata kama pweza umeshamshika. Hakuna mjadala.

Basi tukaenda. Magharibi ya jana yake watu walikuwa wameutafuta mwezi mwandamo wasiuone, na Tabitha alilijua hilo. Alijua pia kwamba bahari inafuata mwezi, maana nilimwambia mimi. Akajumlisha mwenyewe kichwani: mwezi hakuna, kwa hiyo maji ya leo ni ya pole. Kigelegele kilipolia sisi tukarudi. Yeye alikuwa bado kwenye fungu la mwamba, ng'ambo ya mkondo, mkono shimoni, anacheka.

"Tabitha, njoo!"

"Naja, naja! Nimeshamgusa!"

Mwanangu, maji ya bamvua hayaji kwa kelele. Yanapanda tu, kimya kimya, huku unayatazama. Mkondo tuliouvuka kwa kulowesha vifundo vya miguu ukafika magotini, ukafika kiunoni, na Tabitha hakujua kuogelea. Kicheko kikamkauka. Shangazi akavua kanga yake ya juu, nasi tukavua zetu, zikafungwa mafundo ikawa kamba moja. Akaingia yeye mbele, sisi tumeshikilia nyuma.

"Acha pweza! Nipe nkono!"

Maji yalikuwa kidevuni kwa rafiki yangu alipoushika ule mkono. Nililia kwa sauti, wala sioni haya kusema.

Tulipomfikisha ufukweni, Tabitha hakuanza kwa kushukuru. Aliuliza, meno yakigongana. "Shangazi, mwezi haupo. Nani ameyavuta maji?"

Nikadhani atakula kofi. Shangazi akang'oa fimbo yake, akainyoosha juu kulielekea jua. "Upo pale. Umekaa na jua, wanavuta wote wawili, ndiyo maana maji yamekuwa makubwa. Kwani ulidhani umekwenda wapi? Usipouona wewe ndiyo haupo?"

Tukainua macho, tukayafumba upesi kwa ukali wa mwanga. Sikuona kitu. Lakini mwili ulinisisimka. Kitu kikubwa kiasi kile kilikuwa juu ya kichwa changu mchana kweupe, kimetaka kumchukua rafiki yangu, na mimi sikioni! Tangu hapo sijaitazama mbingu kwa mazoea.

Shangazi hakunieleza zaidi, na mengine nimeyapata kwenye vitabu vyenu vya shule, msivyovisoma. Jua ni nyota, linawaka lenyewe. Dunia yetu ni sayari, inalizunguka jua. Mwezi unaizunguka dunia, na hauna taa yake, unaazima mwanga wa jua. Ukifika upande wa jua, uso wake uliomulikwa unatupa kisogo, sisi tunabaki na upande wa giza. Vinavuta bahari pamoja, tunapata bamvua. Mwezi mpevu nao unaleta bamvua, maana vimejipanga tena mstari mmoja, dunia katikati. Ukiwa nusu, kila kimoja kinavutia kwake, ndipo tunapata maji mafu, yasiyopanda wala kupwa sana.

Miaka ikapita, shangazi akatangulia mbele ya haki. Tabitha akaolewa huku huku, akajenga Likombe. Nilikuwa kwake mchana mmoja jua lilipopatwa. Jirani yake mwalimu akatuazima miwani maalumu ya kulitazamia. Chini ya mwarobaini, mwanga uliopenya majanini ulikuwa umegeuka vimwezi vidogo vidogo, vimejaa uwanja mzima. Nikavaa miwani. Jua lilikuwa limemegwa, na duara jeusi linaingia polepole.

Nikampa Tabitha. Akatazama, akanishika mkono kwa nguvu ile ile ya siku ya mkondo.

"Ni wenyewe," akasema. "Umekaa na jua."

Tukalia pale uwanjani, vikongwe wawili, na wajukuu wakatucheka.

Basi kesho, mwanangu, mwezi hutauona, na utakuwa juu yako tangu asubuhi. Usipime ukubwa wa ulimwengu kwa macho yako peke yake. Ukishangaa, shangaa mpaka utosheke, kisha uliza. Na kigelegele kikilia, toa mkono shimoni, urudi.

Mungu akuoneshe katika maajabu yake kadiri utakavyoweza kuyabeba, akulinde na yale usiyoyaona. Na kapu lako likirudi tupu nitalipokea kwa furaha, maadamu umelibeba wewe.