Samli ya Harusi Kwenye Kaunta ya Vifurushi

"Kamba iliyofungwa na mkono wa binadamu, mimi nitaifungua. Ikifungwa na malaika, niongezeeni dakika tano."

Wavinya alisema hayo mbele ya umati, maikrofoni mkononi, siku ya harambee ya kanisa lao pale Mwingi. Pasta alijifanya anatafuta miwani. Lakini Wavinya hakuwa amedanganya sana. Mamake amesuka vyondo Kanyangi maisha yake yote, na Wavinya alijua mafundo kabla ya kujua a-e-i-o-u.

Siku hizi yuko posta, kaunta ya vifurushi, na kazi hiyo kwa ufupi ni kukataa vitu vya watu. Amekataa mafuta ya taa kwenye chupa ya maji. Amekataa asali iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Mzee Mutie wa Zombe alipoleta katoni yenye matundu akaapa ni viatu, viatu viliwika. "Mzee, viatu vyako vina njaa," Wavinya akamwambia. "Rudi navyo ukavilishe."

Jumatatu moja akaingia Mulki, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, amekumbatia kitu kama mtoto mchanga. Kilikuwa chombo cha mbao, kimevalishwa kitambaa chekundu, kimezungushiwa kamba, fundo juu ya fundo.

"Ni heedho ya Ijabo wangu," alisema. "Nyama kavu ndani ya samli. Ameolewa Eldoret, na siku ya saba wakwe lazima waifungue mbele ya wageni. Hakuna kukata kamba! Siku ya saba ni Alhamisi."

"Hongera, Mama Ijabo. Sasa nifungulie nione ndani."

"Nikufungulie? Shangazi yangu ndiye aliyefunga, na jana amerudi Garissa! Nani atafunga tena? Heedho ikifika uchi, binti yangu atachekwa mpaka azeeke."

"Si ungepeleka na basi?"

"Basi walinikataa. Ile ya dadake ilimwagikia godoro la mtu."

Wavinya alikuwa karibu kumhurumia. Halafu akaona doa la mafuta kwenye kitambaa. Samli ilikuwa imeshaanza safari bila kulipa. Kifurushi kinachovuja kingetolewa garini njiani, na Alhamisi wakwe wangefungua hewa.

"Naifungua mimi," alisema. "Sitakata."

"Wavinya," Mwangangi akaita kutoka kwenye foleni, "hiyo imefungwa na malaika?"

"Nyamaza, ama kadi yako ya heri ya mtihani nitaituma Lodwar."

Ilimchukua dakika ishirini na kucha moja. Kifuniko kilipoinuka, harufu ya iliki ikapita kwenye foleni na watu wote wakameza mate. Wavinya akaziba kifuniko kwa selotepu, akaingiza chombo kwenye mifuko miwili mizito ya plastiki, akatafuta katoni na magazeti ya kunyonya samli ikivuja. Alipogeuka, Mulki alikuwa amekalia gunia la barua, kamba tupu mapajani, anafuta machozi.

Hapo Wavinya akajiona mjinga. Mafundo ya shangazi aliyafungua, ndiyo, lakini kuyarudisha hakujua hata moja.

Akaichukua kamba. Kitambaa chekundu akakirudisha juu ya mifuko, kisha akaanza kufunga vile mamake hufunga ukingo wa kiondo, kila ncha ikimezwa chini ya nyingine mpaka haionekani ilipoishia.

"Jaribu," akamwambia Mulki.

Mulki akavuta huku, akavuta kule, akauma kwa meno. Kisha akaanza kucheka, na akicheka yule mama hata mizani hutikisika. "Wallahi, abaayo, dada yangu! Hao wakwe watalala hapo!"

Ikaingia katonini, anwani juu, ikaondoka na gari la saa saba.

Alhamisi jioni, Wavinya akifunga kaunta, Mulki aliingia mbio, simu mkononi, sauti imefunguliwa yote. Simuni alikuwa Abdijabar, ami wa bwana harusi, amechoka.

"Tangu adhuhuri tunahangaika, na wageni wana njaa. Haya ni mafundo ya wapi?"

"Ya Kanyangi," akajibu Mulki. "Mmeshindwa?"

Kule Eldoret, Ijabo alisikika akicheka waziwazi.

"Tumeshindwa."

Mulki alipiga kigelegele, na Wavinya akamwelekeza ami wa watu pole pole, ncha kwa ncha, mpaka Eldoret nzima ikashangilia.

Wakwe wakishindwa hutozwa mbuzi. Abdijabar alimtumia Mulki pesa za mbuzi usiku huohuo. Kwenye soko la Mwingi wiki hiyo, beberu wa wastani alikuwa shilingi elfu tisa na mia tano, na ndizo alizotuma.