Kofia ya Baba Mkwe Niliyoitia Nta

Nimekosa, wenzangu, na sina wa kumsingizia. Makaa niliyawasha mwenyewe, nta niliiyeyusha mwenyewe, na kichwa kilichoumia si changu!

Mke wangu alishona kofia ya viua, ile ya matundu madogo madogo, kwa ajili ya baba yake. Aliianza Mfunguo Mosi, Idd haijapoa, na kila alasiri alikaa nayo barazani, maana mafuta ya taa ya wakati huu wa vita hayatoshi kushonea usiku. Tundu moja baada ya jingine, mpaka Ramadhani ikarudi. Mzee amekwenda umri, na mke wangu alitaka amwone nayo walau Idd moja. Mimi nikapewa kazi ndogo: kuifua, kuitia wanga wa muhogo na kuivisha kwenye foroma ya mbao ikauke.

Mtoto angeiweza! Lakini mimi nimesoma chuo kikuu ng'ambo, na aliyesoma huko hawezi kuona jambo limekaa vizuri akaliacha. Nikawaza: wanga hulegea kwa jasho. Kwa nini kofia isisimame milele?

Basi nikayeyusha nta ya nyuki kwenye kopo, nikatia sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, iliyotwangwa, na mafuta ya nazi kidogo ili ing'ae. Nikaungua vidole. Kopo la kwanza likatoboka. Kuku wakakimbia jikoni kwa moshi. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa shahada! Ilipopoa, kofia ilikuwa ngumu kama bakuli, rangi ya pembe ya ndovu.

"Mbona yang'aa hivi?" mke wangu akauliza.

"Wanga mzuri," nikasema.

Asubuhi ya Idd niliisugua kwa kitambaa mpaka tukachelewa, mimi na mzee. Msikiti wa kijijini kwetu Ole umejaa, tukasali nje, juani. Waliomsifia kofia aliwajibu kwa kidevu juu, "Kazi ya binti yangu hii!"

Khutba ikarefuka. Nikaona tone la manjano likimshuka shavuni. Kisha la pili.

Jirani akaninong'oneza, "Mtazame mzee, analia. Khutba imemwingia." Naye akaanza kulia!

Na mimi, niliyejua machozi yale yametoka kopo gani, nikainamisha kichwa kama mcha Mungu. Ningesema wakati ule, nta ingali laini, kofia ingevulika salama. Nikanyamaza. Kosa hilo ni kubwa kuliko la nta.

Nyumbani mzee akataka kuivua apate kula. Haivuliki! Imeshapoa, imeshika nywele. Akavuta, akapiga ukelele.

"Ni jua," nikawahi.

Mke wangu akainama, akanusa utosi wa baba yake. "Jua gani hili linanuka nta, bwana?"

Nikasema yote. Hakunigombeza, heri angenigombeza! Alipaka mafuta ya uvuguvugu, haikuachia. Akachukua mkasi, akaikata kipande kipande, matundu yake yote yale. Mzee akabaki na kichwa cha mabakamabaka.

"Msamehe, mwanangu," akasema, akijipapasa. "Umri wangu wote sijapata kofia iliyonipenda hivi."

Mke wangu akacheka bila kutaka, huku akifuta macho. Tukala pilau. Kesho yake akanitupia kitambaa na sindano. "Haya, msomi. Shona."

Nashona. Kwa muda wote huu nimemaliza mstari mmoja, naye ameshaufumua mara mbili. Vidole vimejaa matundu kuliko kofia. Kila Ijumaa baba mkwe huja kukagua.

"Taratibu, mkwe wangu," huniambia. "Siwezi kufa kofia haijesha. Umeniongezea umri."

Mke wangu naye amekwisha anza kunisemesha vizuri, ingawa bado ananusa kila ninachompa!

Basi nawausia, nyinyi wenye makaa, kopo na fikra mpya: jaribuni kwenye kofia zenu. Na tone la kwanza likidondoka, semeni! Khutba haijesha, bado pana wakati.